Gurudumu Lililolia Kothidhar

Du. Kimya. Du. Kimya. Du.

Niliisikia nyundo kabla sijaona kitu chochote. Nilikuwa nimesimama kwenye stesheni ya Kothidhar, mji mdogo uliokaa juu ya mgongo wa milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba nikinyoosha mkono sivioni vidole vyangu. Treni sikuiona. Mlima sikuuona. Nilisikia chuma kikigonga chuma mahali fulani chini, upande wa kushoto, na kila kilipogonga nilizidi kutega sikio. Sauti ile ninaijua kama ninavyojua kikohozi cha mwanangu. Ni sauti ya gurudumu lenye ufa.

"Jumanne," nilimwambia mwenzangu, "unasikia hiyo?"

"Nasikia meno yangu tu, dada."

"Treni nzima ni mbovu. Magurudumu yote yana nyufa."

"Basi tutashuka kwa miguu," akasema, akazidi kujikunyata ndani ya koti lake la mtumba.

Vijana wangu, niwaache hapo kidogo kwenye ukungu, niwaeleze mimi ni nani na kwa nini nyundo ilinitisha.

Juzi binti mmoja anayefanya kazi kwenye treni ya umeme alikuja kunisalimia hapa nyumbani, Kikuyu ya Dodoma. Akaniamkia vizuri, akakaa, akaangaza macho, akaiona nyundo yangu yenye mpini mrefu imeegemea ukutani. Akauliza, "Bibi, hii ni ya kuulia nyoka?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, mama, hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu. Akaniomba niandike, yeye na wenzake wasome. Ndiyo haya.

Nilikuwa mkaguzi wa mabehewa Dodoma, tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu. Kazi yenyewe ni hii: treni ikisimama, unatembea upande mmoja mpaka mwisho, unarudi kwa upande wa pili, unagonga kila gurudumu na kulisikiliza. Gurudumu zima hulia ngeee, sauti ikabaki hewani kidogo kama mtu anayemalizia wimbo peke yake. Gurudumu lenye ufa husema du, na mazungumzo yameisha. Behewa hilo linakatwa, linabaki. Siku hizi mna mashine zinazopiga picha ndani ya chuma. Nazisifu. Lakini sisi tulikuwa na nyundo na masikio, na watu walilala usingizi wao ndani ya mabehewa wakaamka Tabora.

Aliyenifundisha ni Mzee Masinga, Mgogo wa Hombolo, mfupi, mwenye masikio makubwa ambayo vijana wa karakana waliyatania waziwazi naye akayajivunia waziwazi. Nilipofika kwa mara ya kwanza, wanaume waliokuwa wamekaa juu ya mataruma ya reli walicheka. Mmoja akasema, "Huyu atagonga kama anatwanga mtama." Mzee Masinga hakugeuka. Alisema, "Mwacheni atwange. Ugali wa wanaotwanga mkiula, mmewahi kulalamika?"

Kisha akanivuta pembeni. "Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo chetu, nikaitikia. "Mama yako akienda kununua chungu, hufanyaje?"

"Anakigonga kwa kifundo cha kidole."

"Halafu?"

"Kikisema ko, anakirudisha. Kikilia, ndiyo anauliza bei."

"Basi kozi umeshaimaliza nusu," akasema. "Nusu iliyobaki ni kutembea."

Aliyonifundisha ninawapa bure. Nyundo usiipige, iachie ianguke kwa uzito wake, kwa sababu mtu anayepiga kwa nguvu husikia nguvu zake mwenyewe. Gonga ukingoni, usigonge karibu na ekseli. Fungua mdomo kidogo unaposikiliza. Sababu siijui, ila sauti huingia vizuri zaidi. Sanduku la beringi, pale ekseli inapozungukia, lipime joto kwa mgongo wa mkono. Ukiungua mgongo wa mkono, kesho bado utashika nyundo. Ukiungua kiganja, utakaa nyumbani na mkeo au mumeo atakuchoka.

Madereva walinijua. Wengine walikuwa wakichomoa kichwa dirishani na kusema, "Foibe, nikiteremka Saranda salama, nikirudi nakuletea kuku." Saranda ndiyo iliyokuwa hofu yetu, pale uwanda unapokatika na reli inateremka bondeni. Kuku nilikula wengi. Lakini kumbukeni hili: mabehewa tuliyakaguia Dodoma, na Dodoma stesheni yetu imelala kama mkeka. Ukiweka chungwa chini, linabaki ulipoliweka.

Sasa India. Kazini walitafutwa wawili wa kwenda mafunzoni miezi michache, kwenye karakana moja kubwa ya huko bondeni. Nikachaguliwa mimi, na akachaguliwa Jumanne, fundi breki, Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano na maneno elfu. Kwa sababu yeye ni Mrangi na mimi ni Mgogo, safari nzima hatukuzungumza, tulitaniana. Alipoona nimefunga mlenda mkavu kwenye sanduku alisema Mgogo hata akienda peponi atauliza mlenda uko wapi. Baada ya mwezi mmoja wa dengu asubuhi na jioni, ni yeye aliyekuja kugonga mlango wangu akiwa na sufuria tupu. "Dada yangu Foibe," alisema kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "ule udongo wenu wa kijani bado upo?"

Mwalimu wetu aliitwa Bwana Negi, mtu mwembamba, mpole, aliyefundisha huku ameshika chaki asiyoitumia. Siku ya kwanza Jumanne alijitambulisha kwamba yeye ni Mrangi. Bwana Negi akauliza rangi gani, kwa kuwa kwao nako rangi ni rang. Wakatafuta maneno yanayofanana mpaka saa ya chai ikafika: gari, chai, duka, chapati. Jumanne akatangaza kwamba amekuja kufundishwa Kiswahili kwa gharama za serikali.

Joto la bondeni lile lilikuwa la kukaanga. Bwana Negi alipoona tumekauka, akatualika kwao mlimani. Baba yake, alisema, ni mkaguzi wa mabehewa kama mimi, kwenye reli ndogo ya mlima, na Jumapili ile ingekuwa siku yake ya mwisho kazini. Wangemvisha mashada ya maua, wangemlisha peremende, kisha angepanda treni ya asubuhi kwenda kijijini kwake, kwenye kituo kidogo chini ya mlima. "Njooni mpumue baridi," alisema. "Na baba atafurahi kumwona mwanamke mwenye nyundo. Hapa hatunaye hata mmoja."

Tulipanda. Treni yenyewe ilikuwa nyembamba, unaweza kudhani mtu ameitengeneza kwa ajili ya wajukuu wake. Ilijikunja kwenye kona mpaka ukiwa dirishani unaiona injini yako mwenyewe inakuja upande wako kama inayorudi kuchukua kitu ilichosahau. Tuliingia kwenye mahandaki, tukatoka, tukaingia tena, na kila tulipotoka miti ilikuwa mirefu zaidi na hewa ilikuwa nyembamba zaidi. Jumanne, fundi breki, alikaa na jicho chini. "Sipendi," alisema. "Hii kupanda naielewa. Nafikiria kushuka."

Mji wa Kothidhar mtauelewa mara moja nikiwaambia neno moja: Uzunguni. Ninyi mnajua Uzunguni yetu, nyumba za zamani zenye baraza pana na mabati mekundu, bustani mbele na chumba cha mtumishi nyuma kabisa. Sasa fikirini mji mzima umejengwa hivyo, ukapandishwa mlimani kwa sababu waliojenga walishindwa na jua la nchi waliyoitawala. Kanisa lenye mnara, posta yenye saa, ukumbi wa kuchezea dansi, shule za bweni za mawe, barabara moja pana juu ya mgongo wa mlima ya kutembelea jioni. Kothi ni nyumba kubwa, alitueleza Bwana Negi. Dhar ni mgongo wa mlima.

"Babu yangu alipanda barabara hii akibeba kiti," alisema. "Juu ya kiti amekaa mke wa ofisa. Akishamtua, babu aliamriwa ateremke kwa njia ya nyuma. Hii ya mbele haikuwa ya miguu yake."

"Kwetu hiyo ya nyuma ndiyo ilikuwa barabara," alisema Jumanne, na wote watatu tukatembea katikati ya ile njia pana, polepole, tumejipanga bega kwa bega ili watu wengine wapite pembeni. Siwezi kuwaeleza raha ya matembezi yale. Tumbili mmoja aliruka kutoka kwenye paa la posta akamvua Jumanne miwani yake ya jua, akaivaa juu chini, akakaa ukutani akitutazama kama meneja.

Na mlima wenyewe, ule wa theluji? Niliuona siku hiyo alasiri, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Ukungu ulifunguka kama pazia la kanga lililosogezwa na upepo. Bwana Negi akasema, ule pale. Nikatazama, sioni. Ule pale, akarudia. Nikatazama mbele, nikatazama kushoto, sioni kitu ila mabonde. Mwishowe akanishika kidevu taratibu, akakiinua. Ulikuwa juu. Juu kabisa, mahali ambapo kwetu pana mawingu na tai tu, ulikuwa umesimama mweupe, haujali. Sisi watu wa uwanda tunatafuta kila kitu usawa wa macho. Nilicheka, sikujua kwamba kesho yake ningelifanya kosa hilohilo kwa masikio.

Jioni tulikula kwa akina Negi. Baba yake alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, mikono myeusi ya grisi ambayo haitoki tena hata kwa maji ya moto. Nilipiga goti kidogo nikamwambia shikamoo, kwa sababu sikuona namna nyingine ya kumwamkia mtu wa umri ule. Jumanne akamfundisha kuitikia marahaba, naye akaitikia marahaba mpaka kwa mjukuu wake aliyeomba chumvi. Lakini niliona jambo. Watu wa nyumba ile walimpigia kelele wakizungumza naye. Mkwewe alirudia kila kitu mara mbili. Na stesheni masta, rafiki yake wa zamani aliyekuwa amealikwa, alisema kwa Kiingereza ili mzee asielewe: "Masikio yake yamechoka. Imekuwa vizuri anapumzika kabla hayajamletea aibu."

Mzee aliendelea kula wali wake. Mimi nililala nikiwaza: mkaguzi asiye na masikio.

Sasa mnaelewa kwa nini asubuhi ile kwenye ukungu nyundo ilinitisha. Du, du, du. Mzee anagonga magurudumu mabovu, hayasikii, anapita. Na jukwaani nyuma yangu walikuwa wamejaa watoto wa zile shule za bweni, likizo imeanza, wamekalia masanduku yao ya chuma, wanapuliza moshi wa baridi kutoka mdomoni na kuigiza injini. Treni ile ndiyo ingewateremsha.

Du. Du. Kisha, ngeee.

Gurudumu moja lililia. Zuri, safi, sauti ikapaa kwenye ukungu. Nikapumua. Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Ngeee, aligonga tena palepale. Kimya. Ngeee, mara ya tatu.

"Amekuta zima moja," nilimwambia Jumanne, "linamshangaza."

Nikateremka ngazi kuifuata sauti. Jumanne alinifuata, Bwana Negi nyuma yake akiita tuangalie miguu, kwa sababu pale mabehewa yalipolazwa njia ilikuwa na mteremko. Tukamkuta mzee amechuchumaa, taa ya mkono pembeni yake, uso umekaribia lile gurudumu moja. Sijamaliza kumsalimu, stesheni masta naye akatokea kwenye ukungu, koti jeusi, shada la maua ya manjano mkononi.

"Mzee, injini iko tayari," alisema. "Treni inayopanda inatusubiri kwenye kituo cha kupishana. Wale watoto wana treni ya kuunganisha chini. Kuna nini?"

Mzee akasema maneno machache kwa lugha yao, akionyesha gurudumu. Stesheni masta akapumua kwa nguvu. Na mimi, vijana wangu, mimi Foibe wa Dodoma, nikaingia katikati.

"Samahani," nilisema kwa Kiingereza changu chote. "Mimi ni mkaguzi. Nimeisikiliza treni hii. Hilo gurudumu ni zima. Mengine yote mliyonayo ni mabovu."

Stesheni masta alinitazama, kisha akaanza kucheka, taratibu, bila ubaya. "Yote? Mama, treni hii imepanda jana ikiwa imejaa. Haiwezi kuoza yote usiku mmoja." Kisha akaacha kucheka, na nikaona wazo linamwingia. "Lakini kuhusu hili tunakubaliana. Hili ni zima, unasema?"

"Zima kabisa."

"Unaapa?"

"Naapa."

Akamgeukia Bwana Negi. "Mwambie baba yako. Mwambie kwa sauti. Mkaguzi aliyetoka Afrika amesikiliza, anaapa kwamba gurudumu analolikataa ni zima. Mwambie leo ni siku yake, asijiharibie. Avae maua, apande treni."

Bwana Negi alimwinamia baba yake sikioni. Nilimtazama mzee akiyapokea maneno yangu. Hakukasirika. Aliniangalia kwa muda, kama fundi anavyoangalia kifaa kutoka nchi nyingine ambacho anajua kina kazi yake, ila hajui ipi. Kikombe chake cha chuma, chenye chai, kilikuwa juu ya taruma. Akakinywa kikaisha, akakining'iniza kwa kidole kimoja kwenye kishikio chake, akakigonga kwa ukucha. Kikalia. Kisha akakikumbatia kwa kiganja chote, akakigonga tena.

Du.

Akanishika mkono. Akaupeleka kwenye gurudumu la jirani, moja ya yale niliyoyaita mabovu, pale chuma cha breki kinapogusana na ukingo. Hapakuwa na nafasi ya ukucha. Breki ilikuwa imelibana gurudumu kama mama aliyembana mtoto mgongoni. Kisha akaupeleka mkono wangu kwenye lile linalolia. Kidole changu chote cha shahada kiliingia kati ya breki na gurudumu, na bado kilicheza.

Nilikitoa kidole, nikakirudisha tena. Kiliingia.

Niambieni kama hamjaelewa, lakini nadhani mmeelewa. Kwetu, kabla sijakaribia behewa, dereva ameshaachia breki. Ilikuwa hivyo kila siku, kama kunawa kabla ya kula. Mzee Masinga hakuwahi kunieleza sababu, kwa kuwa kwake halikuwa jambo la kusemwa, na mimi sikuwahi kugonga gurudumu lililobanwa maisha yangu yote. Lakini mlimani treni haiwezi kulala bila breki, itaondoka yenyewe. Kwa hiyo wao hugonga mara mbili. Mzunguko wa kwanza breki zimebana, na hapo wanaitafuta du, kwa sababu du ni breki iliyoshika. Mzunguko wa pili breki zimeachiwa, na hapo wanaitafuta ngeee kama sisi. Sauti niliyoiogopa ndiyo iliyokuwa habari njema. Na lile moja lililonifurahisha lilikuwa likilia kwa sababu hakuna kilicholishika, na treni ile ilikuwa inakwenda kuteremka mlima mzima.

Mzee alikuwa amelisikia kwa masikio yale yaliyochoka. Na mimi ndiye niliyempa stesheni masta kiapo cha kumnyamazishia mzee.

"Bwana," nilisema, "nimekosea."

Stesheni masta alikuwa ameshageuka kuondoka. "Umekosea nini?"

"Nimesikiliza kwa masikio ya Dodoma. Kwetu ni tambarare. Gurudumu hili ni zima, lakini breki yake haishiki. Mzee amesema kweli. Treni isiondoke."

"Dakika iliyopita uliapa."

"Niliapa juu ya gurudumu. Juu ya breki nilikuwa sijui."

"Sasa nimfuate yupi?" aliuliza. "Wewe wa kwanza, au wewe wa pili?"

"Msinifuate mimi wa kwanza wala wa pili. Mfuateni yeye. Mimi nilikuja kunywa chai."

Hapo Jumanne, aliyekuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu Kondoa, akapiga hatua mbele. "Bwana mkubwa, mimi ni fundi breki," alisema. "Pia ni Mrangi, na huyu ni Mgogo. Kwetu mimi hata akiniambia mvua inanyesha natoka nje kwanza nikahakikishe. Leo nimehakikisha. Kidole changu kimeingia." Akakionyesha kidole kama hati.

Stesheni masta alitazama juu, mahali ambapo watoto walikuwa wakipiga kelele za injini bila kuonekana. Alikuwa mtu mwema, msimfikirie vibaya. Alikuwa na simu inayolia ofisini na treni ya mtu mwingine inayosubiri kituoni. Akamwekea mzee mkono begani. Akasema neno moja la lugha yao, kisha akapanda ngazi kwenda kuwapigia simu wa vituo vya chini wangoje.

Ninyi mnaoanza kazi, niwaambie hapa kitu kimoja, kisha niendelee. Watu watawaambia msimamo ni kutobadilisha neno. Kwenye kazi yetu, neno lililokosewa libadilishe palepale, mbele ya walewale waliolisikia, wakati bado lina faida. Ukilibadilisha jioni kwenye chai, umefanya maongezi tu.

Mzee na Jumanne waliingia chini ya behewa pamoja. Hawakuwa na lugha ya kuzungumzia, lakini nilisikia wakizungumza vizuri sana: chuma kidogo, mguno, chuma, "hapo hapo baba", chuma. Pini ya fimbo ya breki ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama mfupa wa samaki. Wakaitoa, wakaweka nyingine, wakakaza. Jumanne akatoka na grisi usoni, akamwonyesha mzee kwa mkono: gonga.

Mzee akagonga. Du.

Hakuna wimbo uliowahi kunifurahisha kama sauti ile mbaya. Sote tulitabasamu, hata Bwana Negi ambaye alikuwa ameshika kichwa muda wote.

Kisha injini ikafungwa mbele, breki zikaachiwa, ukafika mzunguko wa pili. Mzee aliichukua nyundo yake, akaipima mkononi kidogo, akanikabidhi mimi. Nikasema hapana, Baba, ni siku yako. Bwana Negi akamtafsiria kwa sauti kubwa. Mzee akajibu, na mwanawe akanifasiria: "Anasema mzunguko huu ni wa nchi yako. Yeye atakaa asikilize."

Nilikwenda peke yangu kwenye ukungu. Ngeee. Ngeee. Upande mmoja mpaka mwisho, nikazunguka nyuma ya behewa la mwisho, la gadi msimamizi wa treni, nikarudi upande wa pili. Niliiachia nyundo ianguke. Nilifungua mdomo kidogo. Gurudumu baada ya gurudumu liliimba, na sikuharakisha, ingawa nilisikia watoto wakipandishwa na masanduku yao yakikwaruza sakafu. Nilipofika kwenye lile lililotusumbua nikaligonga mara mbili. Lililia mara mbili.

Nilipopanda jukwaani walikuwa wameshamvisha mzee maua, shingo yote haionekani, na mkwewe alikuwa amemjazia peremende mifukoni. Stesheni masta alisema maneno mafupi, akasita katikati, akamkumbatia. Kisha mzee akaingia kwenye behewa la gadi, akiwa abiria, akakaa kwenye benchi na kuweka mikono yake myeusi juu ya magoti.

Gadi alikuwa amesimama dirishani na filimbi mdomoni. Hakupiga. Watu wote walisimama. Nikadhani kuna jambo limeharibika tena.

"Anakungoja wewe," alisema Bwana Negi.

"Mimi?"

"Hapa kwetu aliyegonga mzunguko wa mwisho ndiye anayefunga mlango huu. Komeo liko nje. Gadi hapigi filimbi mpaka alisikie. Maana yake ni kwamba aliyefunga amesema treni ni nzima."

Nilimtazama mzee. Alikuwa akinitazama kutoka kwenye benchi, maua yamefika kidevuni, na hakunisaidia kwa ishara yoyote, si kwa kichwa wala kwa jicho. Katika mawazo yangu nilitembea tena upande mmoja mpaka mwisho, nikazunguka, nikarudi kwa upande wa pili, gurudumu kwa gurudumu, mpaka nikawa sina swali lililobaki. Kisha nikashika mpini wa chuma uliokuwa na baridi kama maji ya mtungini, nikausukuma mlango nyuma ya mzee, nikateremsha komeo.